Sahani ya Bi Shemsa na Mtaro wa Kokoni

Paukwa!

Semeni basi, au midomo mmeiacha nyumbani? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na jaa! Likakua, likasogea, likafika mlangoni likapiga hodi: mwenye nyumba yupo?

Yupo, amechoka!

Haya, sasa mmeamka. Aliyekaa karibu na mlango aurudishe, nisije nikasikiwa na wanaosemwa.

Hapo kale, si kale ile ya simba kuzungumza na mbuzi, ni kale ya juzijuzi tu, kale yenye chupa za plastiki, palikuwa na mtaa ukiitwa Kokoni. Mtaa wenyewe umekaa mteremkoni. Juu wamekaa wenye mabati mapya. Katikati wamekaa watu kama mimi na wewe. Chini kabisa, pale mtaro unapokata kona, palikuwa na nyumba moja ya udongo, nayo ni nyumba ya Bi Mwatabu.

Bi Mwatabu alikuwa mjane, mfupi, mwepesi wa miguu, na mdomo wake... Aa, mdomo wake nitaufikia. Shikeni kwanza mtaro.

Masika yaliyopita mtaro uliziba. Maji yakakosa njia, yakauona mlango wa Bi Mwatabu, yakaingia bila hodi. Yakachukua kinu. Yakachukua godoro. Yakachukua ukuta wa nyuma. Bi Mwatabu akaujenga upya kwa mikono yake, tonge la udongo juu ya tonge la udongo, na fundi alipokuja kuutazama akatikisa kichwa.

"Bibi, ukuta huu utastahimili jua, utastahimili upepo, na mbuzi akija kujikuna utamstahimili. Maji hautayaweza. Yakija tena, nyumba yote inakwenda."

Na nyumba ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hana nyingine. Kwa hiyo mwaka ule Bi Mwatabu alikuwa na neno moja tu kichwani: masika yasiukute mtaro umeziba.

Akafanya nini? Akaunda kikundi. Watu watatu tu: yeye mwenyewe, Bwana Shaame mwenye mkokoteni, na jirani yake Bi Kibibi, mwenye goti bovu na masikio mazima. Siku tatu kwa wiki, asubuhi, mkokoteni unapanda mtaa. Shaame anasukuma, Bi Kibibi anachechemea nyuma, Bi Mwatabu mbele anapiga debe. Ng'o! Ng'o! Ng'o!

"Taka, taka, taka! Maganda kando, chupa kando, na mwenye uvivu akae kando!"

Maganda yalipelekwa kiwanjani nyuma ya skuli, yakafukiwa, yakaoza, yakawa mbolea, na mbolea ikaotesha mchicha wenye majani kama sinia. Chupa zikaoshwa, zikafungwa kwenye viroba, zikaenda kwa mnunuzi. Mwezi wa kwanza watu walikimbia na ndoo zao kama wanakimbilia bomba la maji. Mwezi wa pili ndoo zikapungua. Mwezi wa tatu mkokoteni ukawa unashuka mwepesi, unagongagonga, na mtaro ndio unaoshiba.

Mnaelewa hapo? Watu walewale, matumbo yaleyale, taka zilezile. Zimebadilisha njia tu.

Bi Mwatabu akapandwa na hasira, lakini akasema, nianze na maneno mazuri. Akapita nyumba kwa nyumba. Akafika kwa Bi Shemsa, mke wa mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo, Bi Mwatabu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nyumba yako siku hizi haina taka?"

"Sisi tunakula kidogo."

"Mko tisa humo ndani!"

"Ndiyo. Tunakula kidogo sote tisa."

Akaenda nyumba ya pili: taka zetu anakula kuku. Kuku mwenyewe yuko wapi? Alichinjwa. Akaenda nyumba ya tatu, akaambiwa mwenyewe hayupo, na anayemwambia hayupo ni mwenyewe. Akarudi chini akazoa mtaro kwa beleshi hadi kiuno kikakataa kunyooka.

Akasema, sawa, maneno mazuri yameshindwa, niende serikalini. Akamwendea mwenyekiti, Bwana Ngwali. Mnamjua mtu anayependa kusimama mbele za watu? Basi huyo. Kanzu nyeupe, fimbo ya mpingo, na ndevu nyeusi tii, zinang'aa, akisema neno moja anazipapasa mara tatu. Na umri wake tunaujua, maana utotoni alicheza na kaka yake Bi Mwatabu, Mungu amrehemu, aliyekufa na mvi hadi za nyusi.

Bwana Ngwali akaitisha mkutano. Akahutubia. Akapapasa ndevu. Akasema usafi, usafi, usafi. Akachomeka kibao kando ya mtaro, rangi nyekundu: MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. KWA AMRI YA MWENYEKITI.

Watu wakapiga makofi.

Siku ya kwanza kibao kilisimama. Siku ya pili kiliinama. Siku ya tatu Bi Mwatabu akaamka akakikuta kimelala chali ndani ya mtaro, na juu ya neno AMRI kumekaa nepi ya mtoto.

Msicheke! Mwenzenu alikaa chini akashika kichwa. "Watu gani hawa? Kuzaliwa wamezaliwa na akili, wamezipeleka wapi? Au nazo wamezitupa mtaroni?"

Akasema, maneno mazuri yameshindwa, serikali imeshindwa, limebaki jicho langu. Nitakaa mtaroni mwenyewe. Atakayetupa, nitupwe naye!

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na masika yako nyuma yake, hayako mbali. Bi Mwatabu akatoa mbuzi yake ya kukunia nazi, akaiweka kando ya mtaro, akaikalia tangu adhuhuri hadi jua likaribie kuzama. Jicho huku, jicho kule. Kiroba hakikupita. Ndoo haikupita. Zilizopita ni sahani.

Nanyi mnajua desturi yetu ya mwezi ule. Jioni sahani hutembea. Huyu kampelekea yule maandazi, yule kampelekea huyu muhogo wa nazi, na kila sahani imefunikwa kawa. Na mtu mwenye adabu zake hafunui kawa la mwenzake njiani. Hata kuuliza kilichomo haulizi. Unasema tu, "Mungu akubali," unapita.

Basi Bi Mwatabu akaona sahani ya kwanza inashuka, kawa juu, ikapita ikaelekea nyuma ya migomba. Ikapita ya pili. Ikapita ya tatu. Nyuma ya migomba palikuwa na nyumba moja tu, ya Mzee Tajo, mgonjwa asiyetoka kitandani.

"Mungu akubali," akasema Bi Mwatabu.

"Amina, bibi," wakamjibu, macho chini, mwendo mbiombio.

Siku ya pili sahani saba. Siku ya tatu sahani kumi na moja! Machozi yakamlenga Bi Mwatabu. Akajilaumu. "Kumbe watu wangu wana imani, na mimi nawasema! Mgonjwa mmoja, sahani kumi na moja!" Kisha, maana alikuwa mtu kama watu wengine, na ana njaa ya saumu, akaanza kunung'unika. "Lakini mbona kila siku Mzee Tajo? Na mimi mjane je? Mimi nimekula mawe?"

Siku ya nne akashuka Bi Shemsa, sahani kubwa ya maua mekundu, kawa jipya la rangi. Bi Mwatabu akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Shemsa, mwanangu. Ya nani hiyo?"

"Ya... ya Mzee Tajo."

"Jana ya Mzee Tajo. Juzi ya Mzee Tajo. Mimi ninayekusafishia mtaa sina tumbo?"

Bi Shemsa akatazama kushoto. Akatazama kulia. Huku migomba, huku mtaro, mbele Bi Mwatabu amepanua kanga kama mlango.

"Hii," akasema, "hii ya leo... ni yako, bibi."

"Yangu?"

"Yako. Ila usifunue hadi adhana."

"Mimi si mtoto! Mungu akuzidishie!"

Akaichukua kwa mikono miwili. Nzito! Akatabasamu. Mtaniuliza, hakusikia harufu? Jamani, mtu akikaa mtaroni siku nne, pua yake inasusa kazi. Akaingia ndani, akatandika mkeka, akaweka sahani katikati, akaweka tende moja kando. Akangoja. Adhana ikalia. Akala tende. Akasema bismillahi. Akafunua kawa.

Maganda ya muhogo.

Matumbo ya samaki, ya juzi.

Na kitu cha tatu, kikasha kidogo kitupu, chenye picha. Kikasha cha nini? Ngojeni. Mkinikimbiza nasahau.

Bi Mwatabu hakupiga kelele. Aliyatazama yale matumbo, nayo yakamtazama. Wakati huo Bi Kibibi akachungulia mlangoni kuomba chumvi.

"Kibibi," akasema Bi Mwatabu polepole, "Mzee Tajo anaendeleaje?"

"Mzee Tajo? Si alichukuliwa na mwanawe kwenda Pemba tangu Rajabu! Wewe hukujua? Wewe?"

Hakujua. Yeye, mwenye kujua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajagombana, lile moja lilimpita, kwa sababu ya kukaa na mtaro. Nyumba ile ilikuwa tupu, na ukumbi wake umepakana na mtaro. Alikwenda akachungulia. Taka zimefika dirishani.

Basi hapo ndipo alipocheka. Kicheko kibaya. Akakitia kile kikasha kwenye pindo la kanga, akafunga fundo. Ile sahani akaifunika tena kama ilivyokuwa, akaiweka pembeni. Maana ipo desturi nyingine, na Bi Shemsa anaijua: sahani ya jirani hatuirudishi tupu.

Kesho yake Bwana Ngwali alikuwa na wageni wa futari, wakubwa kutoka mjini, wamekuja kuona mtaa wake msafi. Bi Mwatabu akaoga, akavaa baibui lake la Idi, akaweka sahani kichwani, akapanda mtaa. Matumbo yale yamezidi siku moja. Paka watatu wakamfuata. Akapitia mlango wa uani, jikoni, wanawake wamejaa wanakaanga.

Bi Shemsa akaiona sahani yake. Mwiko ukamwanguka.

"Nimekuja kurudisha chombo," akasema Bi Mwatabu. "Nakwenda kukifunua mbele ya wageni, wapate kujua mapishi yako."

"Bi Mwatabu, nakuomba!"

"Na mimi nilikuomba. Mkokoteni unapita mlangoni kwako mara tatu kwa wiki. Debe linapigwa hadi viziwi wanasikia. Kwa nini, Shemsa? Niambie, kwa nini unatupa kwenye mtaro unaoingia kwangu? Nimekukosea nini?"

Bi Shemsa akauokota mwiko wake. Kisha yakamtoka.

"Mdomo wako! Umenikosea kwa mdomo wako! Niliwaambia watu manda ya sambusa nayachoma mwenyewe. Wewe ukaona makaratasi ya manda ya dukani kwenye kiroba changu. Mkokoteni haujafika kona, mtaa mzima wananicheka!"

"Na mimi," akasema Mama Nasra, jirani yao, mikono imejaa unga, "ukaona makopo ya tui. Mama mkwe akanipigia simu kutoka Tanga kuniuliza nazi zimekwisha au mikono ndiyo imekatika."

"Na mimi," ikasema sauti ya pembeni, na hiyo ilimchoma, maana ni Bi Kibibi, anamenya viazi. "Ukaona pakiti zangu za biskuti. Ukamwambia Shaame. Shaame kamwambia daktari wangu!"

"Kibibi, hata wewe unatupa mtaroni? Wewe ni wa kikundi!"

"Za biskuti tu."

Bi Mwatabu akasimama na sahani yake. "Kumbe mnanichukia."

"Hatukuchukii," akasema Bi Shemsa. "Tunakuogopa."

Jamani. Mtu anaweza kutukanwa asiumie. Lakini lile neno lilimwingia. Akauona ukuta wake wa nyuma, tonge juu ya tonge. Masika haya ukuta ukianguka, atakuwa ameuangusha yeye, kwa ulimi huu alionao. Na hasira yote aliyoibeba kichwani hakujua tena aiteremshe wapi.

Kabla hajajibu, pazia likatikisika. Sauti ya Bwana Ngwali ukumbini: "Naambiwa Bi Mwatabu kaleta sahani! Ipitishwe huku, wageni waonje chakula cha mtaani!"

Mafuta tu yanalia kwenye karai.

Bi Mwatabu akapita pazia. Akaweka sahani katikati ya mkeka, lakini mkono wake haukutoka juu ya kawa.

Mgeni mkubwa akanusa. "Hiki nini? Papa?"

"Papa!" akasema Bwana Ngwali. "Hapa kwetu papa anapikwa akanukia hadi barabarani. Funua, bibi!"

"Nafunua, Mwenyekiti. Ila kwanza uniahidi neno mbele ya wageni. Kesho kila nyumba itoe mtu, na jembe, tuuzibue mtaro, juu hadi chini."

Bwana Ngwali akapapasa ndevu. "Hilo tutaliundia kamati..."

"Ahidi!" ikapiga kelele sauti ya Bi Shemsa nyuma ya pazia. "Ahidi haraka!"

"Nimeahidi," akasema Bwana Ngwali, ameshtuka.

Mgeni akasogea. "Basi funua, mama, papa anapoa."

"Bado neno la pili. Kila nyumba, na ya Mwenyekiti ikiwa ya kwanza, ilete taka mkokoteni ukipita. Maganda kando, chupa kando."

"Wataleta!" likasema pazia. Sauti tatu sasa. Kisha moja ikaongeza, Bi Shemsa tena: "Lakini na sisi tuna letu! Mkokoteni ufunikwe! Ufunikwe kawa, kama sahani ya mtu. Tutie taka zetu chini yake, mtu asione, mtu asiulize. Na Bi Mwatabu ale kiapo!"

Wageni wakatazamana. Kula kiapo kwa ajili ya papa?

Bi Mwatabu akatazama mkono wake juu ya kawa. Akilifunua, atacheka leo, mtaa mzima utacheka mwaka mzima, na mtaro utaziba milele. Akiliacha, atabaki na habari tamu kuliko zote alizowahi kuokota maishani, amefunga mdomo. Ilimuuma. Msidhani haikumuuma.

"Wallahi," akasema, "nitakachokiona chini ya kawa, kimebaki chini ya kawa."

Akainyanyua sahani.

"Mama, na papa wetu?" akalia mgeni.

"Huyu ameharibika, mwanangu. Nitakuletea mchicha."

Na kweli aliwaletea, sinia zima, wa nazi, uliooteshwa na maganda yao wenyewe. Wakala wakalamba vidole.

Kesho yake majembe yakalia Kokoni. Walitoa vitu mtaroni humo, hata kinu cha Bi Mwatabu kilichochukuliwa mwaka jana! Bwana Shaame akasuka kawa la ukili, kubwa kama paa la banda, akalivika mkokoteni. Asubuhi debe likilia, wanatoka, wanainua pembe, wanatumbukiza, wanafunika. Bi Mwatabu anatazama juu mawinguni. Wakifika kiwanjani taka za nyumba zote zimechanganyika, ganda la mwenye mabati na ganda la mwenye makuti, hujui la nani. Anachambua, mashavu yamemvimba kwa maneno aliyoyazuia. Shaame akawa anamuuliza, "Bibi, jino?"

"Sukuma mkokoteni," anamjibu.

Idi ikapita. Masika yakaja. Na yalikuja kwa hasira, mvua ya kutwa, matone kama kokoto. Mtaa mzima ukatoka kutazama mtaro. Maji yakashuka, yakafika kona, yakasita kidogo pale mlangoni kwa Bi Mwatabu kama yanayokumbuka njia ya zamani. Kisha yakapinda, yakaenda zake. Bi Mwatabu akaugusa ukuta wake wa nyuma kwa kiganja. Mkavu.

Hapo Bwana Ngwali akashuka, hana mwavuli, anataka kuonekana. Akasimama ukingoni kuhutubia. "Mimi, kama mwenyekiti wenu..." Akapapasa ndevu. Akapapasa tena. Akapapasa mara ya tatu.

Na mkono ukatoka mweusi.

Weusi ukateremka shingoni, ukateremka kwenye kanzu nyeupe, mistari mistari, na nyuma yake ndevu zikabaki nyeupe pee kama tui. Sasa mmekijua kikasha kilikuwa cha nini.

Watu wote wakatazama chini. Kisha wote, mmoja mmoja, wakamgeukia Bi Mwatabu. Bi Shemsa akamtazama amejishika kifua. Walikuwa wanangoja. Mvua yenyewe ilikuwa inangoja.

"Mwatabu," akanong'ona Bi Kibibi, "wewe ulijua?"

Bi Mwatabu akafumba mdomo. Akaufumbua. Akaufumba. Jasho likamtoka katikati ya mvua. Kuzoa mtaro mzima peke yake hakukumchosha hivyo.

"Nilijua nini?" akasema, akaokota debe lake. Ng'o! Ng'o! Ng'o! "Taka, taka, taka! Maganda kando, chupa kando!"

Na Bi Shemsa akawa wa kwanza kukimbilia ndoo.

Haya, jaa likaja tena, likapiga hodi: mwenye nyumba yupo?

Semeni!

Yupo, amenyamaza!

Basi likakosa wa kuzungumza naye, likarudi kwao. Nami nimefunika kawa langu hapo. Atakayelifunua njiani, nepi iwe yake.